SOMO LETU: Sakafu ya Tela na Uzito wa Pikipiki

Siku hizi pikipiki zimeingia vijijini kote. Kuanzia Ubena Zomozi hadi Lugoba, kutoka Msata hadi Kiwangwa kwenye mananasi, pikipiki ndiyo inayompeleka mgonjwa zahanati na kuleta mahindi kutoka shambani. Nyingi zimenunuliwa kwa fedha za kikundi cha kuweka na kukopa, au kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo kila wiki. Pikipiki ikiharibika kabla deni halijaisha, nyumba nzima inatikisika.

Lakini pikipiki nayo kuna siku inabebwa. Ikiwa mpya, husafirishwa kwa gari kutoka Dar es Salaam. Ikifa injini, hupakiwa kwenye pikapu au tela la trekta na kupelekwa kwa fundi Chalinze. Hapo ndipo linapokuja swali letu la leo: Je, sakafu itaibeba?

Wengi hujibu hivi: "Ah! Tela hili linabeba magunia ishirini, litashindwa na pikipiki tatu?" Jibu hilo linapendeza masikioni, lakini lina kasoro. Hebu tuitafute kasoro hiyo pamoja.

1. UZITO NI ULE ULE, NYAYO NI MBALIMBALI

Mkulima wa mpunga wa bondeni Ruvu anajua jambo hili bila kusoma. Akisimama kwenye tope kwa kisigino kimoja, anazama. Akitandika ubao na kusimama juu yake, hazami. Yeye ni yule yule na uzito wake ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali uzito unapokanyaga. Mahali hapo tunapaita ENEO. Kupata eneo tunazidisha urefu kwa upana.

Sasa tufanye hesabu. Chukua kalamu.

Gunia la mahindi lina kilo 100. Likilala kwenye tela, tuseme linakanyaga urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 50. Eneo lake ni 100 x 50 = sentimita za mraba 5,000. Kilo 100 ni gramu 100,000. Gawa gramu 100,000 kwa 5,000. Jibu ni gramu 20. Maana yake, kila sentimita ya mraba ya sakafu inabeba gramu 20 tu.

Pikipiki zetu za kawaida za bodaboda zina uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi. Tuchukue kilo 120. Pikipiki haikanyagi kwa mwili wake wote. Inakanyaga kwa tairi mbili, na kila tairi hugusa sakafu kwa kipande kidogo tu, kama kiganja cha mtoto. Tuseme ni sentimita 6 kwa 5, yaani sentimita za mraba 30. Tairi mbili ni 60. Gawa gramu 120,000 kwa 60. Jibu ni gramu 2,000, yaani kilo 2 katika kila sentimita ya mraba.

Umeona? Gunia ni gramu 20, pikipiki ni gramu 2,000. Pikipiki inakandamiza mahali pake mara 100 kuliko gunia, ingawa uzito wao unakaribiana!

Stendi ndiyo mbaya zaidi. Mguu wa stendi ni chuma kidogo chenye ncha nyembamba. Pikipiki ikisimama kwa stendi ya katikati, sehemu kubwa ya uzito wake hukaa juu ya miguu miwili isiyozidi upana wa vidole. Ndiyo maana stendi huacha shimo kwenye ubao laini, na kwenye ubao uliooza hupenya kabisa.

2. UBAO NA PENGO LAKE

Ukichungulia chini ya tela utaona vyuma vimekingama, na mbao zimelala juu yake. Kati ya chuma na chuma kuna pengo. Mbao hubeba mzigo, vyuma hubeba mbao, na ekseli na magurudumu hubeba vyote.

Ubao ukikanyagwa pale penye chuma, hauna shida. Ukikanyagwa katikati ya pengo, unapinda. Pengo likiwa refu, unapinda zaidi na kuvunjika upesi. Kwa mzigo ule ule, pengo la sentimita 80 humtesa ubao mara mbili kuliko pengo la sentimita 40.

Wajenzi wa zamani wa mwambao walilijua hili. Ukiingia katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, utaona vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba. Dari zake zilishikwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo ni fupi, na dari la mawe na chokaa ni zito, mafundi hawakuacha pengo la kuta kuwa kubwa. Upana wa chumba kwa kawaida ulikuwa karibu mita 3 au pungufu. Kanuni iliyobeba dari ndiyo inayobeba sakafu ya tela.

3. UNENE UNA SIRI

Wengi wanadhani ubao wenye unene mara mbili una nguvu mara mbili. Sivyo. Kwa mti wa aina moja, ubao wa inchi 2 una nguvu ya kubeba mara NNE kuliko ubao wa inchi 1 wenye upana ule ule. Lakini ukiweka mbao mbili za inchi 1, moja juu ya nyingine bila kuzishikanisha, unapata nguvu mara mbili tu.

Sasa igeuze kanuni hiyo. Ubao ukioza hadi nusu ya unene wake, haubaki na nusu ya nguvu. Unabaki na ROBO! Na uozo mara nyingi huanzia chini, mahali ambapo macho hayafiki. Juu ubao unaonekana mzima, kumbe chini umekwisha.

Maji ndiyo adui wa kwanza. Mvua za masika hutuama kwenye viungo vya mbao. Gari lililobeba samaki hudondokewa na maji ya barafu na chumvi, na chumvi hula vyuma na bolti. Mchwa nao hawalali. Wengine hufunika sakafu mbovu kwa bati nene, wakadhani wameitengeneza. Maji yakiingia chini ya bati hayatoki upesi, na ubao huoza gizani.

Aina ya mti nayo ni muhimu. Mkongo na mninga huvumilia kuliko msonobari. Lakini hata mkongo ukilala na maji miaka mingi, usiuamini bila kuukagua.

4. GUNIA LINALALA, PIKIPIKI INASIMAMA

Sikiliza mazungumzo haya. Ni mfano tu, lakini unaweza kuyasikia kijiji chochote. Kijana wa trekta amekuja kwa mzee kuchukua pikipiki mbovu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Haya, lete pikipiki tupakie, jua linapanda."

"Ngoja kwanza nichungulie chini ya tela lako."

"Mzee nawe! Jana tu tumebeba magunia ishirini humu humu."

"Gunia linalala, mwanangu. Pikipiki inasimama. Nipe huo msumari."

Mzee akainama. Akachoma ubao wa kwanza, msumari ukagoma. Akachoma wa pili, ukagoma. Akachoma wa tatu, ulio karibu na mlango wa nyuma. Msumari ukaingia kama kwenye muhogo uliooza.

"Je, ungepitisha gurudumu hapa?" mzee akauliza.

Kijana akakuna kichwa. "Lingezama, mzee. Na mimi ningekuwa nyuma nasukuma."

"Basi leta ubao mpya. Jua liache lipande."

Mzee huyo hakutumia mashine yoyote. Alitumia msumari na subira.

5. HATA KWA WENYE MASHINE KUBWA

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Huko Marekani kuna matela ambayo upande wa mbele ni chumba cha kulala, na upande wa nyuma ni banda la kuwekea pikipiki. Watu hutembea nayo wakati wa likizo. Baadhi ya pikipiki zao kubwa huzidi kilo 350, karibu mara tatu ya zetu. Sakafu nyingi za matela hayo ni za plaiwudi iliyolazwa juu ya vyuma.

Wao nao hupatwa na mambo yale yale. Stendi hubonyeza plaiwudi. Maji hupenya karibu na mlango wa nyuma na kulainisha sakafu. Pete za kufungia kamba, zikiwa zimefungwa kwenye plaiwudi tu bila kushika chuma cha chini, huweza kung'oka. Dawa yao ni hiyo hiyo yetu: kutandaza uzito, kufunga kwenye chuma, na kukagua chini.

6. JINSI YA KUPAKIA PIKIPIKI

Kwanza, KAGUA. Ingia chini ya tela likiwa limezuiwa kwa mawe na halijafungwa kwenye trekta. Choma kila ubao kwa msumari au bisibisi. Gonga kwa nyundo: ubao mzima hulia kwa sauti kavu, uliooza hutoa sauti butu. Tazama kutu kwenye bolti na nyufa kwenye vyuma. Ubao mbovu uondoe, usiufunike.

Pili, TANDIKA. Weka ubao mnene wa inchi 2 kwa urefu wa tela, pale tairi zitakapokaa. Uwe mrefu wa kufika juu ya vyuma viwili au vitatu vilivyokingama. Hapo uzito hautabaki kwenye pengo, utapelekwa kwenye vyuma. Kibao kifupi kinachoishia katikati ya pengo hakisaidii sana.

Tatu, SIMAMISHA KWA TAIRI. Pikipiki isafiri ikiwa imesimama kwa tairi zake mbili, imefungwa pande zote, na stendi imekunjwa. Ukilazimika kutumia stendi mnapopakia, weka chini yake kipande cha ubao mpana. Usiilaze pikipiki, petroli itamwagika.

Nne, FUNGA KWENYE CHUMA. Kamba ishike chuma cha tela. Isishike msumari wala pete iliyo kwenye ubao peke yake. Usitumie mpira wa tyubu peke yake, kwa sababu unavutika na pikipiki itachezacheza. Kaza mpaka shokapu za mbele zishuke kidogo, usizikandamize hadi mwisho. Kumbuka, kamba inayovuta pikipiki chini nayo inaongeza mzigo juu ya sakafu.

Tano, ENDESHA POLEPOLE. Gurudumu la tela likiingia shimoni, mzigo hurushwa na kushuka kwa kishindo. Wakati huo kilo 120 huweza kukandamiza kama kilo 240 au zaidi. Sakafu iliyovumilia ikiwa imesimama huweza kuvunjika njiani.

Sita, MTU ASIPANDE humo. Sakafu ikifunguka au kamba ikikatika, aliyekaa kando ya pikipiki ndiye atakayeumia. Pikipiki hununuliwa tena, mguu haununuliwi.

Ndugu msomaji, ubao mmoja mzuri ni ghali, ni kweli. Lakini linganisha bei yake na bei ya pikipiki, kisha ulinganishe na deni la kikundi lililobaki. Hesabu hiyo huhitaji mwalimu kukufanyia.

MANENO YA KUKUMBUKA

Eneo: ukubwa wa mahali kitu kinapokanyaga. Ni urefu mara upana.
Pengo: nafasi kati ya chuma na chuma chini ya sakafu.
Kukingama: kulala kutoka upande mmoja hadi mwingine.
Kutandaza uzito: kuueneza mahali pakubwa ili usikandamize mahali padogo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini tela linaloweza kubeba magunia mengi linaweza kutobolewa na pikipiki moja?
2. Ubao umeoza nusu ya unene wake. Umebaki na nguvu kiasi gani?
3. Ni kazi zipi nyingine kijijini ambapo tunatandaza uzito? Fikiria tope, kisima, na mtu anayepanda juu ya paa.
4. Nani katika kijiji chenu ana tela au pikapu ya kukodisha? Sakafu yake ilikaguliwa lini?

HESABU YA NYUMBANI

Mguu wa stendi una urefu wa sentimita 4 na upana wa sentimita 2. Unabeba kilo 40. Kila sentimita ya mraba inabeba kilo ngapi? Ukiweka chini yake kibao kinene cha sentimita 20 kwa 20, kila sentimita ya mraba ya sakafu itabeba gramu ngapi?

Majibu: Kilo 5. Gramu 100. Kibao kimoja kimepunguza mkandamizo mara 50.