Bonde la Umba Lirudishieni Mpunga

Barua za msimu huu kutoka Jego, Kiwegu na Vanga zinafanana. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, mto Umba ukafurika, na sasa mkulima anauliza apande tena mbegu gani. Kabla sijajibu, nami nauliza: mahindi yalikuwa yakifanya nini bondeni?

Umba hausubiri mvua ya Jego. Unashuka kutoka milima ya Usambara, Tanzania, na mvua ikikazana upande wa Lushoto mto unaweza kutujazia mashamba huku kwetu jua linawaka. Mafuriko yakiangukia siku za bamvua, bahari huyazuia mlangoni na bonde zima hukaa majini siku kadhaa. Hakuna mtu wa Jego asiyeyajua haya. Ndiyo maana wazee walipanda mpunga chini, mahindi na mihogo wakaipeleka juu.

Utaratibu huo unavunjwa na tamaa ya mahindi mabichi. Broka hupita kabla ya masika akiahidi bei nzuri kwa watakaowahi, na watu huteremka na majembe hadi ukingoni, wakafyeka matete ili wapate mistari miwili mitatu ya ziada. Maji yakija, broka huyo yuko kwingine ananunua. Hakutoa hata shilingi ya mbegu. Ekari moja ya mahindi hula kama kilo 10 za mbegu. Ukirudia kupanda ni kilo 20, na hujavuna kitu. Na ule ukingo uliofyekwa humeguka, mto ukaondoka na udongo wenyewe. Matete yaacheni, ndugu zangu. Yaliyokwisha kufyekwa, pandeni upya.

Mche wa mahindi wenye majani chini ya sita, sehemu yake inayokua bado imo ardhini. Maji yakituama juu yake siku mbili tatu kwenye joto la pwani, umekufa. Mpunga una njia za hewa ndani ya shina zinazofikisha pumzi mizizini, kwa hiyo husimama majini bila shida mradi majani yatokeze juu. Ukifunikwa wote kwa wiki nzima, nao huoza. Kwa hiyo msimwage mbegu moja kwa moja bondeni. Tengenezeni kitalu mahali palipoinuka, miche ikae wiki tatu hadi nne, kisha ihamishwe ikiwa mirefu na imara, mkitazama mwezi: msihamishe siku za kukaribia mwezi mpya au mwezi mpevu, bamvua isije ikawakuta na miche ambayo haijashika. Kwa kitalu, kilo 10 hadi 15 zinatosha ekari. Anayemwaga hutumia mara mbili na zaidi. Mbegu inayobaki iwekeni akiba kwa jamaa anayekaa juu, ili kitalu cha pili kiwepo endapo cha kwanza kitapotea.

Mahindi ya juu pandeni mbegu ya PH4, iliyotolewa kwa ajili ya pwani. Nasisitiza kwa sababu baada ya kila mafuriko huzuka wachuuzi wenye mbegu za bei ya chini. Nyingine ni za nyanda za juu, zilizokusudiwa Trans Nzoia, ambazo huku hukaa shambani muda mrefu na kuzaa magunzi matupu. Nyingine ni mahindi ya kula yaliyopakwa rangi. Nunueni kwenye duka mnalolijua, pakiti iliyofungwa, na mkwangue stika ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu, kuhakikisha kabla hamjatoa pesa.

Mahindi yaliyolowa ghalani msiyachanganye na makavu, wala msimuuzie mtu. Yaliyolowa huota kuvu, na sumu ya kuvu hiyo, sumukuvu, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 Ukambani, Makueni na Kitui zikiumia zaidi.

Walioandika kutoka Vanga kuhusu mashamba ya karibu na mikoko yaliyoingiwa na chumvi, hali yenu ni nyingine na nafasi imekwisha. Nitawajibu toleo lijalo. Kwa sasa msiweke mbolea humo.