ELIMU YA AFYA: Kupima dawa ya maumivu makali nyumbani

Familia inayouguza mgonjwa wa saratani hapa Nyamache hufikia siku ambayo paracetamol haisaidii tena. Hapo ndipo jirani hunong'ona kuhusu mafuta ya bhangi. Bhangi imepigwa marufuku nchini Kenya na sheria ya dawa za kulevya ya 1994, lakini hata bila sheria kuna tatizo la kipimo. Chupa ya mitaani haionyeshi nguvu yake. Tena bhangi iliyomezwa huweza kuchukua saa moja au mbili kabla ya kufanya kazi. Mgonjwa akionekana hajapata nafuu huongezewa, kisha zote mbili humlemea pamoja.

Kwa maumivu ya aina hiyo daktari huweza kuandika mofini ya maji, ya kunywa. Nchini Uganda, Hospice Africa imewapa wagonjwa wa nyumbani dawa hii tangu 1993. Mtu mzima asiyeizoea kwa kawaida huanzishiwa miligramu 2.5 hadi 5 kila saa 4. Mzee au mwenye figo dhaifu hupewa pungufu. Baadaye ni daktari anayepandisha, akitegemea kumbukumbu za nyumbani. Daftari la shule linatosha: saa, kiasi, na maumivu kati ya 0 na 10.

Kosa la kuogopwa zaidi ni kuchanganya miligramu na mililita. Chupa moja yaweza kuwa na miligramu 5 katika mililita 5, nyingine miligramu 50 katika mililita hizo hizo. Kipimo kilekile kutoka chupa ya pili ni dozi mara kumi. Kila chupa mpya isomwe upya kwenye dirisha la dawa, na dawa ipimwe kwa sirinji isiyo na sindano, si kijiko cha jikoni.

Usingizi wa siku mbili tatu za kwanza ni kawaida. Choo kigumu hakiishi chenyewe, hivyo dawa ya kulainisha choo hutolewa pamoja. Mgonjwa asiyeamka akiitwa, au anayepumua polepole mno, asipewe dozi inayofuata. Akimbizwe hospitalini mara moja. Chang'aa na vidonge vya usingizi visiguswe kabisa.

Wengine huficha chupa wakiogopa uraibu, mzee akilia usiku kucha. Anayeitumia kwa maumivu, kama alivyoelekezwa, ni nadra kuwa mraibu. Isikatishwe ghafla, ifungiwe mbali na watoto, na ikibaki irudishwe hospitalini.