Punda Mtulivu Anapoanza Kuogopa: Somo kwa Kamati za Vyama vya Usafirishaji



Safari hii somo letu halihusu hesabu za hisa wala namna ya kuandika muhtasari wa mkutano, ingawa mbele kidogo tutaona kwamba muhtasari nao umo. Linahusu punda. Najua wasomaji wa mjini watashangaa, kwa maana katika mitaa ya Kariakoo mizigo huvutwa na watu kwa mikokoteni au hubebwa mabegani, na punda ni wachache mno. Jina lenyewe la Kariakoo linatukumbusha mabega ya watu: limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na wapagazi walihitajika kwa wingi kwa sababu farasi, baghala na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o. Tangu hapo mnyama wa kazi hakupata kuwa na nafasi kubwa katika mitaa ile. Lakini wapo wachache, na chama chenye punda kina mali isiyofanana na nyingine yoyote katika daftari la mali za kudumu. Mizani ikiharibika hutulia pale pale ilipowekwa. Punda akiharibikiwa huweza kumwumiza mtu.

Chama ninachokisimulia hapa kilikuwa na punda wawili, Shwari na Bahati, waliokuwa wakifungwa pamoja katika mkokoteni mmoja. Kila siku saa kumi na moja alfajiri walitoka Buguruni na mboga na ndizi, wakafuata Barabara ya Uhuru kupita Ilala mpaka pembezoni mwa Kariakoo, kisha wakarudi mchana na magunia matupu na bidhaa za madukani. Shwari alistahili jina lake. Kwa miaka sita hakuna aliyemwona akipiga teke. Honi za magari, kelele za wapiga debe, hata mabasi ya mwendokasi yaliyoanza safari zake mwaka 2016, vyote alivizoea.

Kisha, katika mwezi mmoja, akabadilika. Mara ya kwanza alisimama ghafula kabla ya makutano ya Uhuru na Msimbazi, masikio yakigeuka huku na huku, pua zimetanuka, ngozi ya mabega ikitetemeka. Hakukuwa na kitu mbele yake. Mara ya pili alirudi nyuma na kuugonga mkokoteni wa mtu mwingine. Mara ya tatu aliruka upande wa kushoto, gurudumu likapanda ukingo wa barabara, likashuka juu ya mguu wa mwendeshaji wake na kumvunja mifupa miwili. Nyanya za wanachama zikamwagika barabarani, na zile ambazo hazikukanyagwa ziliokotwa na wapita njia.

Nilipofika kwa ukaguzi wa kawaida nilikuta maelezo ya kila namna. Wengine walisema punda ana jini. Wengine walisema washindani wa biashara wamefukia dawa pale makutanoni. Mweka hazina, ambaye ni mtu wa hesabu, alisema ni uvivu tu, kwa kuwa mnyama amekwisha kujua kwamba chama hakina mwingine. Kijana aliyeshika hatamu badala ya mzee aliyeumia aliongeza fimbo, na kadiri alivyoongeza fimbo ndivyo punda alivyoanza kutetemeka mapema zaidi, hata kabla ya kufika Ilala. Kamati ilikuwa imekwisha kuazimia kumwuza, na mnunuzi alikuwa amekwisha kuja. Hakuuliza umri wa punda wala uzito anaoweza kuuvuta. Mnunuzi asiyeuliza hayo huwa ananunua ngozi. Ngozi za punda huchemshwa ili kutengeneza dawa inayopendwa nchini China, na biashara hiyo ilipunguza punda wa Afrika kiasi kwamba mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Niliiomba kamati inipe juma moja kabla ya kutekeleza azimio lake. Hapa ndipo somo linapoanza.

Yafaa kwanza tumfahamu mnyama mwenyewe. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda alifugwa kwanza huku kwetu Afrika ya Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Asili yake ni punda mwitu wa nchi kavu zenye mawe, ambako malisho ni haba na wanyama hutawanyika. Farasi akiogopa hukimbia na kundi lake. Punda aghalabu husimama, akatazama, akapima. Kusimama huko ndiko tunakokuita ukaidi. Kwa hiyo punda anayefikia hatua ya kuruka au kukimbia amekwisha kupita kiwango cha woga ambacho sisi hatukukiona. Kadhalika punda huficha maumivu. Anaweza kuvuta mzigo huku kwato imeoza ndani, na dalili pekee ikawa kwamba amepunguza kula au anasimama ameinamisha kichwa.

Jambo la kwanza la kuuliza mnyama yeyote anapobadili tabia ghafula ni kichaa cha mbwa. Nalitaja kabla ya yote kwa sababu hili ndilo linaloweza kumwua mwendeshaji. Je, punda ameumwa na mbwa katika miezi ya karibuni? Sauti yake imebadilika? Anashindwa kumeza, anadondosha mate, anauma watu au vitu, anayumba miguu ya nyuma? Ikiwa hata moja ya dalili hizo ipo, atengwe, mtu asitie mkono kinywani mwake kutafuta mfupa au mwiba, na daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo. Aliyeumwa au kuingiwa na mate kwenye jeraha aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali kupata chanjo bila kungoja dalili, maana zikitokea hakuna tiba. Shwari hakuwa na dalili yoyote kati ya hizo, na woga wake ulikuja na kuondoka. Kichaa hakiendi likizo.

Baada ya hapo tulitafuta maumivu. Daktari wa mifugo alipitisha mkono mgongoni, mabegani, chini ya mikanda, akainua kila kwato na kuikwangua, akatazama meno. Alikuta kidonda kidogo begani. Vyama vingi humvika punda nira ya ng'ombe, na hilo ni kosa, kwa kuwa punda hana nundu ya kuizuia nira isiteleze; huvuta vizuri zaidi kwa mkanda mpana wa kifuani uliotiwa kitambaa laini. Shwari alivaa mkanda, lakini mshono mmoja ulikuwa umekatika na kusugua. Ulishonwa. Walakini kidonda cha begani humwuma mnyama njia nzima, nasi tulikuwa tukitafuta jambo linalomtokea mahali fulani na saa fulani.

Ndipo nilipoomba daftari la safari. Nawasifu wanachama wale kwa kulitunza, kwani vyama vingi vyenye magari hawana daftari la namna hiyo. Matukio yote matatu yalitokea wakati wa kwenda, kabla jua halijachomoza. Safari za kurudi mchana hazikuwa na neno. Waliosema ni jini walifurahi, wakidai kwamba jini huyo hutembea alfajiri. Mimi niliwaza taa.

Macho ya punda yako ubavuni mwa kichwa. Kila moja hutazama upande wake, na yote mawili pamoja huona karibu pande zote isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyuma ya matako. Pia hukawia kuliko macho yetu kuzoea kutoka gizani kuingia mwangani. Daktari alimwendea Shwari polepole upande wa kulia akanyosha kidole kuelekea jicho, kwa uangalifu asipepee upepo. Halikupepesa. Tukalifunika jicho la kushoto kwa kitambaa na kumwongoza uani kwenye ndoo tuliyoiweka njiani, akaigonga. Tukalifunika la kulia, akaizunguka ndoo bila taabu. Mchana, kwa kutazama kwa makini, jicho la kulia lilikuwa na wingu la kijivujivu na mboni iliyosinyaa, na machozi yamechora mstari shavuni. Daktari alisema ni ugonjwa wa uvimbe wa ndani ya jicho ambao huja na kupoa, kisha huja tena, na kila ujapo huondoka na sehemu ya uwezo wa kuona. Unaweza kuanzishwa na pigo, au na vimelea vya leptospira vinavyoenezwa kwa mkojo wa panya katika maji yaliyotuama. Kwa Shwari hakuweza kusema ni kipi.

Sasa fikirini, ndugu wasomaji: sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo kila gari na kila bodaboda inayompita mkokoteni humpita kwa kulia. Alfajiri, taa na mngurumo vilimjia Shwari kutoka upande ambao kwake ulikuwa ukuta mweusi, mpaka kitu chenyewe kilipomtokea mbele ya pua.

Hata hivyo swali moja lilibaki. Daktari alikadiria kwamba jicho lilikuwa limeanza kuharibika muda mrefu, pengine mwaka au zaidi, na woga ulikuwa wa mwezi mmoja tu. Nililala na swali hilo. Asubuhi niliweka madaftari mawili mezani, la safari na la mihtasari, nikasoma tarehe. Tukio la kwanza lilitokea siku tisa baada ya chama kumwuza Bahati. Nikamwuliza mzee, akiwa amelaza mguu wake wenye plasta juu ya kigoda, Bahati alifungwa upande gani. Akasema: "Kulia, mwanangu. Siku zote kulia. Shwari hakukubali kufungwa huko mwaka mzima huu, nikadhani ni mazoea."

Basi mnyama yule alikuwa na jicho la kulia, nalo lilikuwa mwenzake. Punda wawili waliozoeana hushikamana sana. Mmoja akitulia, mwingine hutulia. Kuwatenganisha ghafula ni hatari hata kwa punda mzima wa macho, kwani baadhi hugoma kula, na punda asiyekula kwa siku mbili tatu mafuta ya mwili wake humwagika katika damu na anaweza kufa. Shwari hakugoma kula. Alivuta peke yake, kipofu wa upande mmoja, kuingia katika taa za mjini.

Na Bahati aliuzwa kwa nini? Sababu imeandikwa katika muhtasari: "kufuatia ushauri wa mkaguzi." Mkaguzi huyo ni mimi. Katika taarifa yangu ya mwaka uliotangulia nilihesabu safari na uzito wa mizigo, nikaandika kwamba mkokoteni waweza kuvutwa na punda mmoja na kwamba chakula cha punda wa pili ni gharama isiyo ya lazima. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Sikuwa nimemwuliza mwendeshaji hata neno moja, wala sikwenda zizini. Nililisema hili mbele ya kamati, na si rahisi kulisema mbele ya mtu ambaye mguu wake umevunjika. Yeye alicheka kidogo, akasema angalau sasa tunajua kwamba si jini.

Bahati hakupatikana. Mnunuzi alikuwa amemwuza mbele, na aliyemnunua hakujulikana. Bei ya punda jike mwingine ilizidi bei aliyouzwa Bahati, na tofauti hiyo ilijadiliwa katika mkutano mkuu kwa saa mbili. Shwari alipewa dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu. Machozi yalikoma, lakini kuona hakukurudi. Punda jike mpya hakufungwa naye mara moja. Waliwekwa majuma matatu katika mazizi yanayopakana, kisha malishoni pamoja, kisha mkokoteni mtupu ndani ya ua, na ndipo barabarani, yeye akiwa kulia. Muda wote huo kuondoka kulisogezwa mpaka jua lichomoze, na mboga zikafika sokoni bei ikiwa imekwisha kushuka. Wanachama wawili walitaka fedha yao ya hisa kwa sababu hiyo. Mwendeshaji naye amejifunza kutembea upande wa kulia wa kichwa cha Shwari, na kusema neno kabla ya kumgusa. Fimbo imeondolewa; tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hairuhusu mnyama kupigwa kikatili.

Kwa mazungumzo ya kikundi chenu cha masomo: chukueni daftari la safari la chama chenu, kama lipo, mkatazame ajali tatu za mwisho, saa zake na upande zilikotokea. Mna mali gani hai au yenye kutumika ambayo imeuzwa kwa ushauri wa mtu asiyeitumia? Na gharama ya mguu wa mzee, ambayo haikupata safu katika hesabu zangu, ninyi mngeiandika wapi?