Trekta Kuukuu na Mzigo wa Kukokota

SWALI: Ninalo trekta kuukuu, Massey Ferguson 135, lililokuwa likilima shamba la pamba la marehemu baba hapa Shinyanga. Nasikia Marekani matrekta ya zamani hushindanishwa kukokota mizigo ya chuma. Mbona langu, likivuta gogo, huinuka mbele?

JIBU: Mashindano hayo, ambayo katika baadhi yake uzito uliopakiwa juu ya kitelezo cha chuma haubadiliki njiani, bali huongezwa kila duru mpaka abaki mshindi, hayatafuti kasi, ila ustahimilivu wa mashine na busara ya dereva. Na trekta lako, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, lastahili heshima hiyo.

Ama huko kuinuka mbele, nakusihi usikudharau. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma, au kwenye mkono wa juu wa haidroli, mvuto wa mzigo huweza kulipindua trekta kinyumenyume, likamwangukia dereva kabla hajawahi kukanyaga klachi. Ufunge chini ya ekseli, kwenye chuma cha kukokotea tela. Ongeza vyuma vya uzito mbele. Kisha achia klachi taratibu.

Udongo nao una hukumu yake. Wasukuma, wanaoupambanua mchanga wa luseni na udongo mweusi wa mbuga, wajua kuwa mbuga ikilowa hata maksai wa plau hukwama. Basi ngoja kiangazi, na watazamaji wakae mbali, kwani mnyororo ukikatika hurusha vipande.