DEREVA WA LORI HAKUONI

Ukisimama karibu na lori unaliona lote. Ni kubwa kama nyumba. Kwa hiyo unadhani dereva naye anakuona. Sivyo.

Dereva wa lori hukaa juu. Anaona mbali vizuri, lakini chini karibu naye haoni. Mtoto akipita mbele ya lori lililosimama, kichwa cha lori humficha. Nyuma ya lori ni vivyo hivyo.

Upande wa kushoto ndio mbaya zaidi, maana dereva wetu hukaa kulia. Lori likitaka kukata kona kushoto, mara nyingi kwanza husogea kulia kutafuta nafasi. Mwenye baiskeli akiona nafasi hiyo huingia. Kumbe magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Hukata kona kwa ndani, pale pale alipo mwenye baiskeli.

Jaribuni wenyewe. Siku lori likija kijijini kuchukua mazao, mwombeni dereva. Azime injini na kufunga breki. Mwanadarasa mmoja akae kwenye kiti cha dereva. Wengine wasimame ubavuni na baiskeli. Mimi nilipojaribu, watu wanne walisimama karibu na mlango wa kushoto. Niliona kofia moja tu.

Yapo ya kufanya. Vioo vya pembeni viwe vizima na visafi. Kioo kingine kifungwe mbele, kitazame chini. Mapazia na mapambo yaondolewe kwenye kioo cha mbele. (Wengine hupamba lori kama bibi harusi!) Lori likirudi nyuma, utingo ashuke, asimame mahali dereva anapomwona.

Jijini London, Uingereza, malori ya zaidi ya tani 12 hupewa nyota, 0 hadi 5, kwa kadiri dereva anavyoona nje kupitia madirisha. Tangu Oktoba 2024, lori lisilo na nyota 3 haliingii mjini mpaka lifungwe vifaa zaidi, kama kamera za kumwonyesha dereva ubavuni.

Na wewe, kabla ya kupita, tafuta uso wa dereva kwenye kioo chake. Usipouona, naye hakuoni. Ngoja.

Maswali
1. Kwa nini upande wa kushoto wa lori ni wa hatari?
2. Watoto wa kijiji chenu huvuka wapi barabara? Malori husimama hapo?
3. Nani atazungumza na madereva wanaokuja kuchukua mazao?