Safari ndefu ya baiskeli: nini uvae, nini ubebe

Somo letu la mwezi huu ni la wale wanaotaka kushiriki safari za baiskeli za kuchangia misaada. Vijana wengi, na akina mama pia, wamekuwa wakituuliza ofisini kuhusu jambo hili. Hapa KwaZulu-Natal safari inayojulikana sana ni Amashova. Hufanyika mwezi wa Oktoba, kutoka Pietermaritzburg mpaka Durban, kilomita 106. Wasioweza mwendo huo wote huanzia Cato Ridge, karibu kilomita 65, au Hillcrest, kati ya kilomita 35 na 40. Wengi huendesha kwa niaba ya shirika fulani. Usishangae ukipitwa na watu waliovaa kama ng'ombe, madoa meusi na meupe: hao wanachangisha fedha kwa CHOC, taasisi inayosaidia watoto wenye saratani.

Wengi wetu baiskeli si kitu kigeni. Aliyetoka Kisangani anaijua toleka ya kubeba abiria. Aliyetoka Burundi amewaona vijana wa ndizi wakiteremka na mikungu kutoka Bugarama hadi Bujumbura. Kambini tulibebea kuni, maji na wagonjwa. Kwa hiyo sitakufundisha kuendesha. Nataka tuzungumzie saa sita au saba mfululizo juu ya kiti, katika nchi ambayo bado unaizoea. Hapo kitu kidogo ulichosahau nyumbani kinaweza kukuumiza.

Ijue njia kwanza

Pietermaritzburg iko juu, Durban iko usawa wa bahari. Watu husikia hivyo wakadhani ni mteremko mtupu. Sivyo. Mapema kabisa kuna kilima cha Polly Shortts, mbele kuna Inchanga, kisha Botha's Hill. Baada ya Hillcrest ndipo unapoanza mteremko mrefu kupitia Kloof na Pinetown.

Hali ya hewa nayo hubadilika njiani. Alfajiri Pietermaritzburg huwa na baridi, mara nyingi na ukungu. Ukikaribia Durban unakutana na joto la unyevunyevu. Miezi hii pia huja upepo mkavu wa moto kutoka milimani, na siku nyingine mvua. Mavazi yako yawe ya kuvua na kuvaa, yasiwe jaketi moja zito utakalolijutia saa nne asubuhi.

Sasa piga hesabu. Ukienda kilomita 20 kwa saa, kilomita 106 ni zaidi ya saa tano. Ukienda kilomita 15 kwa saa, ni saa saba. Maji na chakula vyote vinapimwa kwa saa hizo.

Mavazi, kuanzia kichwani

Helmeti. Afrika Kusini sheria inamtaka kila mwendesha baiskeli barabarani avae helmeti. Ikae sawa juu ya paji la uso, isilale nyuma kama kofia ya sherehe, na mkanda ubane kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili chini ya kidevu. Baiskeli unaweza kununua iliyotumika, nguo unaweza kuazima, lakini helmeti usinunue mtumba. Iliyowahi kugonga chini inaweza kuwa imevunjika ndani bila kuonyesha alama.

Shati. Pamba hunywa jasho na kubaki imelowa. Jezi ya mpira wa miguu inafaa kuliko fulana ya pamba, na hiyo karibu kila nyumba inayo. Chagua rangi inayoonekana mbali: njano, chungwa, nyekundu.

Suruali. Kaptula za baiskeli zenye pedi ndizo zinazostahili fedha yako baada ya helmeti. Pedi inakaa moja kwa moja mwilini, bila nguo ya ndani, kwa sababu mshono ndio unaochubua. Paka mafuta ya mgando mapajani kabla ya kuanza. Kama kaptula ya kubana inakuona uchi, vaa suruali nyepesi ya michezo juu yake, hakuna atakayekuuliza.

Kwa akina mama na dada: kitenge, sketi ndefu na ncha za mtandio hunaswa na cheni au magurudumu, na hapo unaanguka bila onyo. Stara haikuzuii kushiriki. Vaa taiti ndefu na juu yake shati linalofika mapajani. Kwa anayevaa hijabu, tumia ile ya michezo, nyembamba, iingie chini ya helmeti, na ncha zake zichomekwe ndani ya shati. Usitumie pini za chuma, ukianguka zinachoma.

Viatu. Raba zenye soli ngumu zinatosha. Kamba zifungwe na kuchomekwa ndani, na mguu wa suruali upande wa cheni ubanwe kwa mpira. Sandali hapana.

Mikono na macho. Glavu huokoa viganja ukianguka, kwani mtu akianguka hutanguliza mikono. Miwani huzuia wadudu na vumbi kwenye mteremko. Mafuta ya kuzuia jua ni ya ngozi nyeusi pia, hasa puani na shingoni.

Kwa baridi ya alfajiri, fanya kama wenyeji: chukua mfuko mweusi wa taka, utoboe matundu matatu, uvae juu ya jezi ukingoja kuanza. Uvue kabla ya kupanda baiskeli, uukunje, uuweke mfukoni. Mvua ikija utakusaidia tena ukisimama.

Vya kubeba kwa ajili ya baiskeli

Mfuko mdogo chini ya kiti unatosha vitu hivi: tyubu moja ya akiba inayolingana na tairi lako, viraka na gundi, vijiti viwili vya kutolea tairi, na alenki zinazoingia kwenye nati za baiskeli yako. Pampu ndogo ifunge kwenye fremu. Lakini kubeba hakutoshi. Wiki moja kabla, keti uani, toa gurudumu la nyuma, badilisha tyubu, rudisha. Ukishindwa nyumbani penye kivuli na chai, hutaweza kando ya barabara Inchanga.

Breki zikaguliwe na fundi kabla ya siku yenyewe. Kwenye mteremko mrefu usizishike mfululizo. Bana, achia, bana tena, breki zote mbili pamoja. Kaa kushoto na usishindane na mtu. Vijana wa Bugarama tunawastaajabia, lakini wengi wao tumewazika.

Maji na chakula

Beba chupa mbili. Kwa joto la hapa, kati ya nusu lita na robo tatu ya lita kwa saa inawafaa watu wengi, kwa hiyo chupa mbili za nusu lita ni za saa mbili tu. Jaza kila unapopata nafasi. Kunywa kidogo kidogo kadiri ya kiu. Kujijaza maji matupu kupita kiasi nako kunadhuru, kwa sababu jasho limetoa chumvi. Chupa moja iwe na maji ya chumvi na sukari, yale yale tuliyofundishwa kliniki za kambini kwa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Kula kabla njaa haijakuuma. Kila saa kula ndizi moja au mbili, au tende, au viazi vilivyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, au kipande cha chapati. Usijaribu chakula kipya siku hiyo.

Karatasi mfukoni

Sehemu hii nakuomba uisome mara mbili, na msomee asiyejua kusoma nyumbani.

Ukianguka ukapoteza fahamu, anayekuokota hajui jina lako, hajui lugha yako, hajui ampigie nani. Mkeo atangoja Durban mpaka jioni. Kwa hiyo andika karatasi moja kwa herufi kubwa: jina lako, namba za watu wawili ambao hakika watapokea simu, dawa unazotumia, dawa zinazokudhuru, ugonjwa kama kisukari, pumu au presha, na kwamba unazungumza Kiswahili. Kundi la damu liandike tu kama ulipimwa. Mwombe mtoto anayesoma shule ya hapa akuandikie kwa Kiingereza. Itie kwenye mfuko wa plastiki, iweke mfuko wa nyuma wa jezi. Mwenye pumu abebe pampu yake ya dawa, mwenye kisukari abebe kitu kitamu, hata safari ikiwa fupi.

Pamoja nayo weka nakala ya kibali chako cha ukimbizi au cha kuomba hifadhi. Kituo cha polisi hugonga muhuri wa kuthibitisha nakala bila malipo. Kagua tarehe ya mwisho. Kibali halisi kisiloe jasho wala kuanguka kichakani. Kikae nyumbani kwa mtu anayejua kilipo na anayeweza kukileta mara moja ukihitajika. Piga picha yake kwenye simu pia.

Simu iwe na chaji na salio, ndani ya plastiki. Hifadhi namba hizi: 112 kwa dharura kutoka simu ya mkononi, 10177 gari la wagonjwa, 10111 polisi. Na ulijue hili vizuri: Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haisemi raia tu. Inasema mtu yeyote. Najua baadhi yetu tumewahi kugeuzwa mlangoni, na tangu hapo tunaogopa hata kwenda. Usiogope. Ukiumia, kubali kupelekwa, kisha mtu wako atupigie.

Jifunze pia maneno machache ya Kizulu. "Ngicela usizo" ni naomba msaada. "Ngilimele" ni nimeumia. "Amanzi" ni maji. "Ngiyabonga" ni asante. Watu wa vijijini kando ya njia hiyo husimama kushangilia, na ukiwaita kwa lugha yao watakuja mbio.

Kazi ya nyumbani

1. Jibu: ukienda kilomita 15 kwa saa kutoka Cato Ridge, utatumia muda gani, na utahitaji kujaza chupa zako mara ngapi? (Saa nne na zaidi kidogo, angalau mara mbili, na siku ya joto mara tatu.)

2. Andika karatasi yako ya mfukoni usiku wa leo, hata kama huna baiskeli. Anayekwenda kazini kwa teksi kila alfajiri anaihitaji vilevile.

3. Fanya mazoezi ukiwa umevaa na kubeba vyote vya siku yenyewe. Njia ya pembeni ya bahari, kutoka uShaka kuelekea Blue Lagoon, ni tambarare na haina magari. Kinachokuchubua hapo kwa saa moja, kiache nyumbani.

Mwisho, kumbuka unachangisha. Usikope ili uonekane kama waendesha baiskeli wa kwenye televisheni. Helmeti mpya, breki nzima, kaptula ya pedi, maji, na karatasi mfukoni. Fedha iliyobaki iende kwa wale unaowaendeshea.