Toboa resini bila kuipasua wala kujidhuru

Herini, shanga na vishikio vya funguo vya resini hupendeza, lakini vingi huharibika wakati wa kutobolewa. Isitoshe, vumbi linalotoka humo laweza kumdhuru anayetoboa. Msomaji, kinga ya kwanza dhidi ya hasara hizo mbili ni subira.

Resini ya epoksi hutengenezwa kwa kuchanganya resini yenyewe na kigumishi. Baada ya siku moja, kipande chaweza kuonekana kimekauka, kumbe ndani hakijakomaa. Ukikitoboa wakati huo kitanata kwenye keekee, na vumbi lake litabeba kemikali ambazo hazijashikana. Kemikali hizo ndizo huleta mzio wa ngozi: mwasho, wekundu na malengelenge vidoleni au hata usoni. Mzio huu ukikupata, huenda ukaishi nao maisha yako yote. Kwa hivyo subiri angalau saa 72, au zaidi iwapo maagizo ya chupa yanasema hivyo.

Unapotoboa, fuata hatua hizi:

1. Weka kipande juu ya ubao ulio sawa na ukibane kisisogee. Ubao huzuia upande wa chini kumeguka ncha ya keekee inapotokeza. Usitoboe karibu sana na ukingo.

2. Tumia ncha kali. Anza na ya milimita 1, kisha upanue tundu kwa ncha kubwa zaidi.

3. Zungusha polepole bila kukandamiza. Ichomoe ncha mara kwa mara ili vumbi litoke na joto lipungue. Joto hulainisha resini, ikang'ang'ania ncha na kupasuka.

Vaa miwani ya kukinga macho na barakoa ya N95, nawe ufanyie kazi mahali penye hewa, mbali na watoto na vyakula. Usipulize vumbi kwa mdomo wala kulifagia. Lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Nawa kwa sabuni na maji. Usioshe mikono kwa thina, kwani huondoa mafuta ya ngozi na kurahisisha kemikali kupenya.

Ukiona upele au kifua kikibana, acha kazi mara moja umwone daktari. Mweleze kwamba unatumia resini, la sivyo huenda akatibu ugonjwa mwingine huku kiini kikibaki mezani kwako.